Chumvi Kwenye Ukoka

Somoe alinikuta nimeinama na fyekeo mkononi, nakata ukoka mbele ya nyumba yangu hapa Masasi. Mvua za mwanzo zilikuwa zimekwisha kunyesha, na mimi mvua zikianza siwezi kutulia ndani. Natoka asubuhi na mapema, nafyeka, nang'oa ndago, naokota mabua makavu, kisha nasimama kutazama kama pamebaki mahali panapoweza kuficha kitu kinachotambaa. Wajukuu wangu hunicheka kwamba Bibi anazinyoa nyasi kama anamnyoa mtu, na hawajui neno hilo linavyonichoma. Basi nikasikia hodi getini. Hatukuwa tumeonana miaka mingi, kwa hiyo nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. "Karibu, Somoe, pita, pita!" Lakini hakupita katikati. Alizunguka kandokando ameubana ukuta, asikanyage hata jani moja, mpaka akafika barazani. Akakaa, akavua viatu, akaniambia kwamba baba yake amefariki na wamekwisha kumzika. Nikakaa chini palepale kwenye nyasi. Yeye akawa ananyoosha kidole kwenye mpini wa fyekeo langu, uliozungushiwa mpira wa baiskeli. "Hilo si la Baba hilo?" akauliza.

Niseme mapema ili nisipate pa kujificha. Mwaka nilioishi Newala nilifanya jambo dogo la kijinga, na kwa jambo hilo baba yake Somoe aliitwa mchawi. Nilijua kwamba si mchawi. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyejua, na nikanyamaza. Sikunyamaza kwa chuki, maana mzee yule hakuwahi kunitendea ila wema. Nilinyamaza kwa woga, ingawa kwake yeye tofauti hiyo haikumsaidia kitu. Nimefundisha watoto miaka yote hii kwamba mtu aseme kweli, na kila nilipowaambia hivyo niligeuka kuandika ubaoni ili wasinione uso.

Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuoni na sanduku moja la bati. Mwalimu mkuu alinipeleka kwa Mama Hilda, nesi mstaafu aliyekuwa akipangisha chumba kimoja kwa walimu wa kike, nyumba ya pembezoni mwa mji. Nilipofika nilisimama barabarani nikashangaa. Kwetu Lupaso, na kote nilikokuwa nimepita, uwanja wa nyumba hufagiliwa mpaka udongo ung'ae. Jani likithubutu kuota, asubuhi linang'olewa, na mwanamke mwenye majani mlangoni anasemwa kisimani. Zaidi ya hayo, uwanja uliofagiliwa unasema kila kilichopita: kuku, mbwa, mtoto, nyoka. Unaamka, unatazama mchanga, unajua. Nyumba ya Mama Hilda ilikuwa imezungukwa na majani mabichi kuanzia mbele hadi uani, mazito, yamelala. Nilidhani ni nyumba iliyohamwa. Kumbe ndiyo fahari yake. Alifanya kazi miaka mingi kwenye hospitali kule Ndanda, akazoea kuona ukoka umekatwa vizuri nje ya wodi, na alipostaafu alikuja na vipandikizi vyake ndani ya gunia lililoloweshwa. "Vumbi ndilo linaloleta vikohozi, Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza. "Ukoka unalishika vumbi chini. Hawa jirani zangu wanafagia, wanafagia, wanakoroma kwa vumbi lao wenyewe."

Sijapata kuona mtu aliyependa nyasi namna ile. Kabla ya mvua aliponda samadi ya mbuzi, akaichekecha kwa chekecheo la unga, akainyunyiza kwa mkono. Penye upara alibandika vipandikizi na kuvikandamiza kwa kiganja, akivisemesha taratibu. Ndago alizifuata chini kwa kisu cha jikoni hadi akaitoa ile punje, kwa sababu ukikata juu tu, alisema, umeifurahisha. Kiangazi, wakati Newala yote inahangaika na maji ya kupandishwa kutoka bondeni, yeye alimwagilia maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo, na hata ya kuogea hakuyamwaga. Watu walimwona ana wazimu kidogo. Na alikuwa na amri moja iliyoniondolea usingizi: ilikuwa marufuku kutengeneza njia. Choo kilikuwa nje, kwenye kona ya ua wa michongoma uliotutenganisha na jirani yetu, Baba Somoe, na kutoka mlango wa uani hadi huko ilikuwa ukoka mtupu. "Leo pita huku, kesho pita kule," alisema. "Usinichoree njia kwenye bustani yangu." Kwa hiyo kila siku nilikanyaga mahali ambapo mguu wangu haukupajua.

Nilikuwa mwoga wa nyoka tangu utoto, na hilo sitaki kulipamba. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, na dirisha la mbao lililofunguka juu ya nyasi zile. Nyumba haikuwa na dari, sauti zilipita juu ya kuta kutoka chumba hadi chumba, na nilisikia Mama Hilda akikohoa, akisali, akigeuka kitandani, lakini kilichonitesa ni kile nilichodhani nakisikia nje. Upepo ukipita kwenye majani, nilipandisha miguu. Asubuhi nilitikisa viatu mara tatu. Nilipunguza kunywa chai ya jioni ili nisihitaji kutoka, nikawa naumwa tumbo, na darasani wanafunzi waliniona nimekunja uso wakadhani mimi ni mkali.

Mvua zilipokuwa nzito, asubuhi moja kumepambazuka vizuri, nilitoka na kopo la maji kwenda chooni. Nilikuwa nimebakiza hatua chache. Kitu nilichodhani ni kipande cha gome kikavuta pumzi. Sijui kuieleza sauti ya kifutu anapovimba, ila nikiisikia hata kwenye tairi linalotoka upepo mikono yangu inakufa ganzi. Kopo lilianguka. Nilitaka kukimbia miguu ikakataa, nilitaka kupiga kelele nikasikia mtu mwingine anapiga, kumbe ni mimi. Baba Somoe alikuwa anafagia uwanja wake. Alipenya kwenye michongoma, miiba ikamchana shati, akaja na jembe na kumpiga yule nyoka mapigo mawili, akanishika bega na kuniweka upande. "Umekwisha kupona, mwanangu. Pumua." Nilimkumbatia mzee wa watu nikalia kama mtoto. Mama Hilda akatoka na khanga moja. Hapo ndipo Baba Somoe, jembe bado mkononi, akasema kwa hasira na hofu maneno ambayo baadaye yalimrudia: "Mama Hilda, nyasi za mlangoni za nini? Zing'oe hizi. Ipo siku utajuta." Alisema kwa sauti, na Mama Faraji, jirani wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa akikaanga vitumbua, aliyasikia yote.

Nyasi hazikung'olewa. Mama Hilda alinipikia uji, akaniambia nyoka yuko kila mahali, hata kwenye uwanja uliofagiliwa, na akatoka kwenda kutazama kama jembe lilikuwa limemwumizia ukoka. Baba Somoe akawa anatufyekea mara kwa mara bila kuombwa, na kila Jumamosi Somoe, ambaye alikuwa rika langu, alituletea ming'oko, ile mizizi ya mwituni inayoliwa kama viazi, imechemshwa na kufunikwa kwa kitambaa. Tulikaa jikoni sisi watatu tukaimenya na kuichovya kwenye chumvi, na Mama Hilda alisimulia habari za wodini hadi tukasahau kula. Nikikumbuka mwaka ule nakumbuka na jambo hili, kwamba nilikuwa na furaha jikoni, na nilipofungua mlango wa uani furaha ilikwisha.

Kiangazi kilipokuwa kinaelekea mwisho, mikorosho imezaa na mji wote unanuka mabibo, nikaanza kuhesabu siku za mvua kuja. Nilijua zikija, nyasi zitanyanyuka tena. Chuoni, kwenye somo la kilimo, nilikuwa nimesikia kwamba maji ya moto yenye chumvi nyingi huua majani ya njiani. Nikakata shauri. Nilitaka njia tu, ukanda mwembamba wa udongo ambao naweza kuuona, kutoka mlango wa uani hadi chooni. Alasiri Mama Hilda alipokwenda kwenye kikao cha akina mama wa kanisani, nilichemsha sufuria kubwa, nikamimina chumvi ya mawe mpaka ikakataa kuyeyuka, nikamwaga. Kikao kilikuwa cha siku tatu, nami nilirudia siku ya pili na ya tatu. Sufuria ilikuwa nzito na maji mengine yalinimwagikia chini ya dirisha la chumba cha Mama Hilda. Sikujali. Niliosha sufuria, nikakaa kusahihisha madaftari, moyo unanidunda kwa raha ya ajabu.

Baada ya siku chache ukoka ukawa wa kahawia, kisha mweupe. Mama Hilda aliuona asubuhi, akapiga magoti, akashika majani yakakatika vidoleni. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni jua. Lakini sikuulizwa. Mama Faraji alikuja kuleta vitumbua, akautazama ule ukanda, na yeye hakuuona kama nilivyouona mimi. Mimi niliona njia inayotoka mlangoni kwenda chooni. Yeye aliona njia inayotoka kwenye ua wa Baba Somoe, inakuja moja kwa moja mlangoni, inapinda, inaishia chini ya dirisha analolala mwenye nyumba. "Nnungu wangu!" akasema, akashika mdomo. "Mama Hilda, kitu kimepita hapa. Kimepita na moto." Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Ningeweza kucheka nikasema, Mama Faraji bwana, ni chumvi yangu hiyo. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikameza chai.

Wiki ile ile mguu wa Mama Hilda ukavimba. Alikuwa nesi, alijua miguu ya wazee huvimba, na kwa siku mbili alisema hivyo hivyo. Siku ya tatu hakusema. Juu ya ukuta nilimsikia Mama Faraji akimnong'oneza: "Si alikwambia mbele yetu kwamba ipo siku utajuta? Siku yenyewe si hii?" Kisha sauti ya Mama Hilda, ndogo, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake: "Lakini amekuwa akinifyekea." "Ndiyo maana anajua kona zote, dada yangu." Jumamosi Somoe alileta ming'oko kama kawaida. Mama Hilda alimshukuru, na alipoondoka tu akaimwaga kwa kuku. Tulikula ugali wa muhogo na mbaazi bila kutazamana, naye akaonja mboga, akasukuma sahani. "Mbona haina chumvi? Chumvi juzi tu nimenunua. Humu ndani tunafuga ng'ombe?" Nilisema nitanunua nyingine, Mama, nikanyanyuka kabla hajaniona uso.

Kuanzia hapo nyoka wakatoka akilini mwangu kabisa, na kilichoingia kilikuwa kibaya zaidi. Sokoni nilisikia kwamba nyasi ziliungua zenyewe, kwamba moshi ulionekana, kwamba alama za nyayo zilionekana kwenye majivu. Hakukuwa na moshi wala majivu! Mimi ndiye niliyekuwapo! Somoe alinijia shuleni, akanivuta nyuma ya darasa. "Mwalimu, wewe umesoma. Ni nini kile kilichokausha nyasi?" Macho yake yalikuwa yanasubiri. Nikamwambia huenda ni ugonjwa wa majani. "Ugonjwa unatembea kwa mstari?" Nikasema sijui. Aliondoka, na niliporudi darasani sikukumbuka nilikuwa nafundisha nini. Kila jioni niliapa kwamba kesho nitasema. Kesho ilipofika nilijiona nimesimama barabarani na sanduku langu la bati, mwalimu aliyeharibu nyumba ya watu kisha akaacha mzee atukanwe, habari zimetangulia hadi kwa mwalimu mkuu. Kila siku niliyochelewa iliongeza kosa, na kila kosa lilipoongezeka nikaogopa zaidi.

Balozi wa nyumba kumi aliitisha kikao, Jumapili alasiri. Viti viliwekwa uani, kwenye ukoka, na watu walivipanga mbali na ule ukanda mweupe. Baba Somoe alikaa kwenye kigoda peke yake, kofia yake ya kufuma kichwani, mikono magotini. Somoe alisimama nyuma yake. Balozi alikuwa mtu mwenye busara zake, akasema Serikali haitaki mambo ya kutuhumiana, yeye anachotaka ni majirani waishi. Mama Faraji akasema yake, na ya sokoni akayachanganya humo humo. Balozi akainua mkono. Akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe unalala ndani ya nyumba hii, na ni mtu wa elimu. Tuambie ulichokiona. Sema kweli, usitie chumvi."

Nilisimama, na kabla sijajua mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka: "Sikutia mimi!"

Watu waliangua kicheko. Hata Balozi alicheka. "Bado hujasema neno, Mwalimu, utakuwa umetia saa ngapi?" Mama Hilda akanivuta khanga nikae, akisema mwacheni mtoto, anaogopa mikutano. Nilikaa. Wakati wote wanacheka mimi nilikuwa namtazama Baba Somoe, kwa sababu yeye peke yake hakucheka. Alinitazama, akautazama ule ukanda, akautazama mlango wa jikoni, akanirudia mimi. Kisha akainamisha kichwa akayatazama magoti yake. Nilingoja aninyooshee kidole. Nilitamani aninyooshee kidole, Mungu ananijua, nilitamani na niliogopa kwa pamoja. Alipoinua kichwa alizungumza na Balozi. Alisema maneno yamekuwa mengi, amechoka, binti yake hapati usingizi. Kuna bibi mmoja kule bondeni, ambaye watu waliotuhumiwa hupelekwa kwake kunyolewa nywele na kunyweshwa dawa ili uchawi, kama upo, uishe. "Nipelekeni," alisema. "Nikinyolewa mtanyamaza?" Wakasema watanyamaza.

Alirudi baada ya siku mbili, nyuma ya baiskeli ya kijana wa Balozi. Nilimwona kupitia dirishani. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, na kofia yake ilimlegea, ikawa inamshukia kwenye nyusi naye anaipandisha. Aliingia kwake, na baada ya muda nikasikia ufagio. Nilikaa sakafuni chini ya dirisha nikajiambia yamekwisha sasa, amenyolewa, watu wamenyamaza, hakuna tena wa kuulizwa. Niliona nafuu. Aibu ninayoiona leo ninapoandika neno hilo nafuu, siku ile sikuwa nayo.

Mvua ikanyesha. Mvua kubwa, ya siku mbili mfululizo, ile inayosukuma mchanga kutoka barabarani hadi milangoni. Asubuhi ya tatu nilifungua mlango wa uani na nikaona kwenye ukanda mweupe kitu cha kijani, chembamba, kama sindano. Nikainama. Kilikuwa kingine pembeni, na kingine. Kumbe ukoka haufi. Chumvi ilikuwa imeua majani tu, mizizi ilikuwa chini imelala inangoja, na mvua imeisafisha chumvi. Mtu yeyote mwingine angefurahi. Mimi nilielewa papo hapo watu watasema nini, na nikaogopa kuliko siku ya kifutu. Watasema amenyolewa, na nyasi zimeota. Watasema basi ni yeye kweli.

Nilipiga magoti nikaanza kung'oa. Mimi niliyekuwa siwezi kukanyaga nyasi zile bila kutetemeka, niliingiza vidole vyangu humo bila kutazama. Niling'oa asubuhi ile, niling'oa baada ya shule, niling'oa kesho yake nimeinama mvuani na khanga imenigandama. Nilifuata mizizi chini kama Mama Hilda alivyonifundisha kwa ndago. Ikawa inakatika, na kila kipande kilichobaki kiliota. Mama Hilda, ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kupungua kwa dawa zake mwenyewe na kwa kulala, akatokea mlangoni na fimbo. "Leo umekuwa mpenzi wa bustani? Ndago hizo?" "Ndago, Mama." Akashuka taratibu, akaokota kimoja kwenye rundo langu, akakigeuza. "Huu ni ukoka wangu. Mwalimu mzima hujui ukoka na ndago?" Alikuwa anacheka, machozi yanamlengalenga. "Unaota, Mwalimu! Unaota tena!" Akanikataza kugusa. Nilikaa pale kwenye tope, na rundo lile mikononi. Siku ya Ijumaa njia yote ilikuwa ya kijani kuliko nyasi nyingine, na Mama Faraji akavuka barabara, akasimama, akapiga makofi. "Mmeona? Si mmeona wenyewe? Kanyolewa juzi, leo nyasi zimeota!" Alisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya michongoma.

Ufagio wa Baba Somoe ulinyamaza. Baada ya siku chache alinikuta kwenye kona ya ua. Kofia imemshukia, akaipandisha. "Shikamoo, Baba," nikasema. "Marahaba, mwanangu." Akapitisha fyekeo lake juu ya michongoma, mpini mbele, ule wenye mpira wa baiskeli. "Shika. Mimi huko kwenu sitakuja tena. Nyasi zako zimeota, Mwalimu. Zifyeke mapema, uone unapokanyaga." Hakusema nyasi za Mama Hilda. Alisema nyasi zako. Nikapokea fyekeo, nikasema ahsante, na nikaingia ndani. Mwezi uliofuata niliomba uhamisho kuja Masasi. Mama Hilda aliniaga na gunia lililoloweshwa, vipandikizi vya ukoka wake ndani, na nilishindwa kukataa. Ndio huu. Yeye mwenyewe alifariki miaka mingi iliyopita, na hakujua.

Haya yote Somoe hakuyajua siku ile alipokaa barazani kwangu na kuuliza habari za fyekeo. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni la Baba, alinipa. Akatikisa kichwa. "Basi ulikuwa humwogopi. Mimi nilimwogopa." Nikamuuliza nani. "Baba. Tangu zile nyasi zilipoota. Kabla ya hapo nilipigana na watu, nilimtetea mpaka nikachaniwa gauni. Lakini zilipoota, Mwalimu, niliziona kwa macho yangu." Alisema polepole, akiutazama ukoka. Aliolewa Mtwara, akakaa huko. Alimletea baba yake kanzu, alimletea sukari, lakini hakulala tena chini ya paa lake. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, mzee alinyoosha mikono ampokee, naye akasema mtoto ana usingizi. Wa pili hivyo hivyo. Mzee hakunyoosha tena. "Hata mwisho huu, uji alipikiwa na watu baki. Mimi nilisimama mlangoni. Akaniita, nikasema nakuja."

Nilikuwa nimejidanganya miaka yote hii kwamba nilimwumiza mtu mmoja na kwamba yeye alinisamehe juu ya michongoma. Nilitazama mikono ya Somoe, ya mtu mzima sasa, ina mishipa. Nilikuwa na woga ule ule, na ulikuwa unaniambia maneno yale yale: kesho. Nikasema. Nilisema nikiwa bado nimekaa chini, nimeshika majani. Nilimweleza sufuria, kikao cha akina mama, siku tatu, dirisha. Hakunikatiza.

"Chumvi?" akasema.

"Chumvi."

"Ya kupikia?"

"Ya kupikia, Somoe."

Alishuka barazani. Safari hii hakuzunguka. Alipita katikati ya ukoka, miguu mitupu, viatu mkononi, akienda kama mtu asiyeona mbele, akafungua geti akaondoka. Hakupiga simu siku nyingi, na nilipopiga mimi haikupokelewa.

Kesho kutwa ni arobaini ya Baba Somoe, Newala, uwanjani kwake. Mama Faraji yu hai, mzee sana, atakuwapo, na watoto wa wale waliocheka siku ya kikao watakuwapo. Nimeandika haya ili niyaone yote kwa mpangilio kabla sijasimama, maana najifahamu, nikisimama mbele ya watu mdomo wangu hukimbilia kujiokoa. Fyekeo nimeshalifunga kwenye khanga. Asubuhi hii simu imelia, nikaona jina lake, na imeita mara nyingi kabla sijathubutu kupokea.

"Mwalimu, unakuja?"

"Nakuja."

"Utasema mbele yao wote, na wanangu nimewaita waje wasikie." Halafu, kwa sauti ile ile ya baba yake, taratibu: "Ila useme kama ilivyokuwa. Usitie chumvi."